Goti la binti uwanjani: Kinga ya dakika 20

WAPENZI wa kandanda ya wanawake katika Afrika Mashariki na Kati wanayafahamu mashindano ya CECAFA ya kufuzu kwa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika. Mabingwa wa nchi za eneo hili hukusanyika katika mji mmoja, wakamenyana kwa muda wa majuma machache, kisha klabu moja pekee hupata tiketi ya kwenda kuliwania taji la bara. Zinazobaki hufunga virago na kurejea makwao.

Wengi wetu huyatazama mashindano haya kwa jicho la mabao na vikombe. Leo tunayatazama kwa jicho la afya, kwa sababu yanatufunza jambo ambalo kila mzazi na kila kocha katika mitaa yetu anapaswa kulijua. Jambo lenyewe ni goti la mchezaji wa kike: jinsi linavyoharibika, na jinsi linavyoweza kukingwa bila gharama kubwa.

Mashindano hayo yalipoanzishwa mwaka wa 2021, yaliandaliwa papa hapa Nairobi, mwendo wa matatu tu kutoka Gitothua kwa kufuata barabara kuu ya Thika. Vihiga Queens ya Kenya iliibuka mshindi kwa kuilaza CBE ya Ethiopia 2-1 katika fainali ya Septemba 9. Mwaka wa 2022 ilikuwa zamu ya Simba Queens ya Tanzania, na mwaka wa 2023 JKT Queens, pia ya Tanzania, ikanyakua ubingwa huo nchini Uganda. Mwaka wa 2024 huko Addis Ababa, Kenya Police Bullets ilifika fainali lakini ikashindwa na CBE. Mwaka wa 2025 mashindano yalirudi Nairobi, na JKT Queens ikayatwaa tena.

Ushindi wa aina hiyo huwatia mabinti wetu hamu. Siku hizi si ajabu kumwona msichana wa shule mtaani Gitothua akipiga danadana kwenye kiwanja cha udongo jioni, huku wavulana wakisubiri zamu yao. Hilo ni jambo la kufurahiwa. Mchezo hujenga moyo, mifupa na mapafu, na hupunguza unene na msongo wa mawazo. Hata hivyo, mwili unaotumiwa bila kutayarishwa hulipa deni, na aghalabu deni hilo hulipwa na goti.

MECHI NYINGI, SIKU CHACHE

Tuchukue mfano wa mashindano ya 2021. Timu nane ziligawanywa katika makundi mawili. Ili kufika fainali, mchezaji alihitaji kucheza mechi tatu za makundi, nusu fainali na fainali yenyewe. Hizo ni mechi tano kati ya mwisho wa Agosti na Septemba 9.

Mchezaji akimaliza dakika 90, misuli yake huwa imetumia sehemu kubwa ya sukari iliyojiwekea, na nyuzi ndogondogo za misuli huwa zimechanika. Kwa kawaida mwili huhitaji siku mbili hadi tatu kujirekebisha, kwa sharti kwamba mchezaji anakula na kulala vya kutosha. Akirudi uwanjani kabla ya hapo, misuli ya paja huchelewa kuitika. Misuli hiyo ndiyo inayolishikilia goti mchezaji anapogeuka kwa ghafla. Ikichelewa hata kidogo sana, uzito wote huangukia kano.

Tusidhani kuwa mbio hizi ni za klabu kubwa tu. Michezo ya shule hufuata mtindo uo huo. Timu huweza kucheza mechi mbili kwa siku moja, kesho yake ikacheza tena, na wachezaji ni wale wale kwa kuwa wa akiba ni wachache.

KWA NINI GOTI LA KIKE?

Ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana mfano wa herufi X. Ile ya mbele huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na kulizuia goti lisijipinde ovyo. Kano hii ikipasuka, goti hupoteza nanga yake.

Uchunguzi katika nchi mbalimbali umeonyesha kuwa mwanamke anayecheza soka yumo katika hatari ya kupasua kano hiyo mara mbili hadi tatu zaidi ya mwanamume. La kushangaza ni kwamba mara nyingi hakuna mtu aliyemgusa. Anaruka kuupiga mpira kwa kichwa, anatua kwa mguu mmoja, goti linaingia ndani, na mambo yanaharibika. Au anakimbia kwa kasi, anafunga breki ili ageuke, na nyayo inabaki pale pale huku mwili ukizunguka.

Wataalamu hutaja sababu kadhaa. Nyonga ya mwanamke ni pana zaidi, kwa hivyo paja lake huelekea gotini kwa mshazari. Wasichana wengi hutua wakiwa wamenyoosha magoti badala ya kuyakunja. Inadhaniwa pia kuwa mabadiliko ya homoni katika mzunguko wa mwezi huchangia, ingawa ushahidi wake bado haujakamilika.

Lakini zipo sababu nyingine zisizohusu maumbile hata kidogo. Msichana huanza mazoezi ya kujenga nguvu akiwa amechelewa kuliko mvulana, au hayaanzi kabisa. Hupewa daluga kuukuu za kaka yake ambazo hazimkai vizuri mguuni. Hupangiwa kiwanja kibovu, au saa ya mwisho jioni giza likiingia. Haya ni mambo ya binadamu, na binadamu anaweza kuyarekebisha.

Hata wachezaji mashuhuri hawajasalimika. Alexia Putellas wa Uhispania alipasua kano hiyo Julai 2022. Beth Mead wa Uingereza akafuata mwezi wa Novemba, Vivianne Miedema wa Uholanzi mwezi wa Desemba, na Leah Williamson, nahodha wa Uingereza, Aprili 2023. Watatu hao wa mwisho walikosa Kombe la Dunia la 2023. Wao wana madaktari wa klabu na vyumba vya mazoezi vya kisasa. Binti wa mtaani ana nini?

Tena madhara hayaishi siku ya kutoka hospitali. Uchunguzi uliochapishwa nchini Sweden mwaka wa 2004 uliwaangalia wanasoka wa kike miaka 12 baada ya kupasua kano hiyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31 tu, lakini picha za eksirei za karibu nusu yao zilionyesha kuwa gegedu za goti zilikuwa zimeanza kulika. Hayo ni magonjwa ya ajuza katika mwili wa kijana mwenye watoto wadogo wa kulea na kazi ya kufanya.

KINGA YA DAKIKA ISHIRINI

Habari njema ni kwamba kinga ipo, na haihitaji mashine. Mwaka wa 2006 wataalamu wa FIFA na wenzao walitayarisha utaratibu wa kupasha mwili moto unaoitwa 11+. Ulijaribiwa nchini Norway kwa wasichana wa umri wa miaka 13 hadi 17, wapatao 1,900, kutoka klabu 125. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008. Waliofuata utaratibu huo walipata majeraha machache kwa karibu theluthi moja kuliko wenzao, na majeraha mabaya yalipungua kwa karibu nusu.

Utaratibu wenyewe una sehemu tatu:

Kwanza, dakika nane za kukimbia polepole, huku wachezaji wakifungua nyonga, wakizungukana wawili wawili na kugongana mabega kwa wepesi hewani.

Pili, dakika kumi za nguvu na usawa. Mchezaji hulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mgongo ukiwa umenyooka. Hufanya hivyo tena kwa ubavu. Kisha hupiga magoti, mwenzake akamshika vifundo vya miguu, naye akajiinamisha mbele polepole kadiri awezavyo ili kuimarisha misuli ya nyuma ya paja. Baadaye husimama kwa mguu mmoja, huchuchumaa na kuinuka, na huruka juu na kutua.

Tatu, dakika mbili za kukimbia kwa kasi na kubadilisha mwelekeo.

Kocha aangalie jambo moja hasa: wakati wa kutua, magoti yakunjwe na yaelekee mbele sawa na vidole vya miguu, yasigongane. Utaratibu huu ufanywe angalau mara mbili kwa wiki, na sehemu za kukimbia zifanywe kabla ya kila mechi. Kuufanya siku ya fainali pekee hakusaidii, kwa maana misuli hufunzwa kwa majuma mengi.

CHAI, DAMU NA MWEZI

Chakula nacho kina sehemu yake. Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi, na pamoja na damu hupoteza madini ya chuma. Kwa hivyo mahitaji yake ya chuma huwa zaidi ya mara mbili ya yale ya mwanamume mzima. Akipungukiwa, huchoka upesi, pumzi humkatika na moyo humwenda mbio. Mchezaji aliyechoka hutua vibaya, na hapo tumerudi gotini.

Hali hiyo huwa ngumu zaidi kwa wanaotoka pwani kuja kucheza Nairobi au Addis Ababa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300. Huko juu kila pumzi huwa na oksijeni kidogo, na damu iliyopungukiwa na chuma hushindwa kuibeba hata hiyo iliyopo.

Chuma hupatikana katika maini, nyama, omena, maharagwe, ndengu, kunde, terere na managu. Mboga na nafaka zisindikizwe na nyanya, chungwa au embe, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kukifyonza chuma. Kinyume chake, chai hukizuia. Familia nyingi hapa kwetu hunywa chai pamoja na chakula. Afadhali ikae kwa muda wa saa moja hivi kabla au baada ya kula.

Jambo la pili ni kula kiasi cha kutosha. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akijinyima ili awe mwembamba huweza kukatikiwa na hedhi. Wapo wanaofurahi, wakidhani wamepumzishwa. Hiyo ni ishara ya hatari. Mwili umezima mtambo mmoja ili kuokoa nguvu, na mifupa huanza kudhoofika. Hedhi ikikosekana kwa miezi mitatu mfululizo, au ikiwa msichana amefika miaka 15 bila kuiona, aende kwa daktari. Kocha na mzazi wasilione hili kuwa jambo la aibu kulizungumzia.

AKIUMIA

Dalili za kupasuka kwa kano ni hizi: mchezaji husikia mlio ndani ya goti, huanguka, na goti huvimba katika muda wa saa chache. Akisimama, huhisi kana kwamba goti linamtoroka. Atolewe uwanjani mara moja, hata kama timu imebakisha dakika tano iingie nusu fainali.

Awekewe barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, afungwe bandeji isiyobana mno, na mguu uinuliwe. Asikandwe kwa maji moto wala kuchuliwa kwa dawa kali katika siku mbili za kwanza, kwa kuwa hilo huongeza uvimbe.

Kisha apelekwe hospitali. Kwa wakazi wa Gitothua, hospitali ya umma ya Ruiru iko karibu, na zile za Thika na Chuo Kikuu cha Kenyatta haziko mbali. Msomaji afahamu kuwa eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi kano. Mtu akiambiwa mfupa haujavunjika, asidhani kwamba goti ni zima. Goti likiendelea kulegea, amwombe daktari alipime kwa mkono na, ikibidi, ampeleke kupigwa picha ya MRI.

Si kila aliyepasua kano hupasuliwa. Wengine huendelea vyema kwa mazoezi ya mtaalamu wa viungo. Wanaofanyiwa upasuaji hushauriwa wasirudi mechini kabla ya miezi tisa, na kurudi mapema huongeza hatari ya kupasuka tena. Kwa kuwa gharama ni kubwa, mzazi ahakikishe binti yake amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, na aulize mapema ni huduma zipi zinazolipiwa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa goti la binti, ufa huzibwa kwa dakika 20 za mazoezi, daluga zinazomkaa, chakula cha kutosha na siku za kupumzika. Mzazi anayempeleka binti yake katika timu amuulize kocha maswali mawili kabla ya kuuliza habari za kikombe: Mnapasha mwili moto vipi? Na mtoto akiumia, nani humtoa uwanjani? Kocha asiye na majibu ya maswali hayo hajawa tayari kukabidhiwa magoti ya watoto wa watu.