Vidonge Viwili, Damu Moja
Mgonjwa wa kisukari atokaye katika kemisti ya Waithaka na metformini ya miligramu 500 katika pakiti asiyoizoea, kwa bei iliyo chini ya ile ya Glucophage, metformini ya chapa ya asili, aliyoandikiwa tangu awali, ana haki ya kuuliza swali ambalo aghalabu hujibiwa kwa haraka mno: je, dawa hii itafika mwilini sawasawa na ile?

Kwamba uzito wa dawa ni mmoja si hoja ya kutosha, kwani metformini huyeyuka upesi majini lakini hupenya kwa taabu katika kuta za utumbo mwembamba, hata ikawa ni nusu na kidogo zaidi tu ya kiasi kilichomezwa iingiayo damuni, na viungo vingine vya kidonge, mathalan sorbitoli ikizidi, vyaweza kuipunguza zaidi.

Kwa sababu hiyo hufanywa jaribio: watu wenye afya, walioridhia kwa hiari yao, hufunga usiku kucha, wakapewa asubuhi kimoja kati ya vidonge viwili vinavyolinganishwa na kutolewa damu mara nyingi. Kisha hupumzishwa siku kadhaa, mpaka dawa ya kwanza iishe, ndipo wapewe cha pili, na kura ndiyo iamuayo nani aanze na kipi. Mpango huu wanipendeza mno, maana kila mtu hulinganishwa na nafsi yake.

Yapimwayo ni kilele cha dawa katika damu na jumla iliyopita humo. Uwiano wa vidonge viwili, pamoja na wigo wake wa makadirio wa asilimia 90, yaani masafa ambamo uwiano wa kweli hukadiriwa kuwamo, sharti ukae baina ya 80 na 125 kwa mia. Wengi hudhani kwamba hii ni ruhusa ya kupunguza dawa kwa khumsi nzima. Sivyo kabisa: wigo wote, tangu ncha hii hata ile, ndio utakiwao kuingia mipakani, na kidonge ambacho wastani wake ni 82 karibu yakini kitashindwa.

Ujuzi huu hauko mbali nasi. Kiwanda cha Universal Corporation pale Kikuyu, mwendo mfupi kutoka Waithaka, kilipata mwaka 2011 idhini ya Shirika la Afya Duniani, idhini idaiyo ushahidi wa usawa kama huu, kwa kidonge cha kutibu virusi vya UKIMWI.

Vidonge vya metformini viachiavyo dawa polepole vina hesabu yao, navyo hupimwa pia baada ya mlo wenye mafuta mengi; mgonjwa asivisage wala kuvitafuna, kwani atakuwa amemeza dawa kwa namna ambayo jaribio halikuipima.