Bustani Inayoazima Mlima

Watunza bustani wa Japani wana mbinu iitwayo shakkei: mlima wa mbali huazimwa, ukawa sehemu ya bustani. Mjini Nyeri, bustani ya hoteli ya Outspan ina neema hiyohiyo kwa Mlima Kenya, hasa alfajiri kabla mawingu hayajaufunika. Humo imo Paxtu, nyumba ndogo iliyojengwa mwaka 1938 kwa ajili ya Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Sasa ni makumbusho. Maskauti wa mataifa mengi huacha humo skafu na beji zao, na hicho ndicho kivutio chenye kugusa moyo zaidi. Baada ya Baden-Powell, aliishi hapo Jim Corbett, mwindaji na mwandishi, aliyefariki mwaka 1955. Wote wawili wamezikwa mjini humo, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro.