Kalamu Iliyorudi Chuoni

Alitujia kijana mmoja aliyesoma katika chuo chetu hapa Mwembesongo. Utotoni hati yake iliwashinda wenzake wote. Baadaye alijifunza kuchora picha kwa namna ya kigeni, akazitandaza mjini Morogoro; watu wakazitazama, wakapita. Akatuambia, "Maalim, brashi nimeiweka chini."

Tulimsimulia habari hii, nasi twaona yafaa kuwasimulieni ninyi pia, ndugu wasomaji.

Ibrahim El-Salahi alizaliwa mwaka 1930 huko Omdurman, Sudani. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kurani, na katika chuo cha baba yake ndiko alikojifunza herufi za Kiarabu. Mwaka 1954 alikwenda London, akasoma katika shule ya sanaa ya Slade hata 1957. Aliporudi Khartoum alifanya maonyesho. Siku ya kwanza watu walikuja, wakanywa vinywaji. Baada ya hapo hakuja mtu. Akakwama kwa miaka miwili, akijiuliza ni kwa nini watu wake hawakupendezwa.

Hakuwahesabu kuwa wajinga. Alizunguka nchini mwake akitazama hati na mapambo ambayo watu huyatia katika nyumba na vyombo vyao. Ndipo akaanza kuandika maneno madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha, mithili ya stempu ya barua. Watu wakasogea. Akayaeneza katika picha nzima, wakazidi kusogea. Kisha akazivunja herufi zenyewe, na ndani yake yakatokea maumbo ya watu, wanyama na mimea. Hapo imani yake katika kazi ikamrudia, wala haikumwacha tena: alipofungwa mwaka 1975 pasipo kuhukumiwa, alichora kwa siri juu ya vipande vya karatasi, akavifukia mchangani. Mwaka 2013 kazi zake za maisha zilionyeshwa Tate Modern, katika London ile ile.

Ndugu zetu, hakuyatupa aliyofundishwa ugenini. Aliyaunganisha na ya nyumbani. Basi mwenye kubadili namna ya kazi yake asipokubaliwa, asidhani kuwa kipaji kimemtoka. Nanyi wazazi, msimcheke kijana katika miaka yake ya kukwama.

Kijana wetu alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama ubao wake wa chuoni ungalipo. Upo. Tulimpa, akaondoka nao. Twamwombea kheri.

Wabillahi taufiki.