Maji ya Paani Yanakwenda Wapi?

Fundi wa paa jijini Dar es Salaam ana miezi miwili ya kubembeleza wateja na miezi mitatu ya kubembelezwa. Januari na Februari jua la kiangazi linawaka, bati limekauka kau, na mwenye nyumba hana habari naye. Ikifika Aprili, ndoo zimepangwa sebuleni, simu ya fundi haipokelewi, na siku ikipokelewa anataja bei ambayo Februari angeona haya kuitaja. Hata ukimlipa, hawezi kukutendea haki. Bati lililolowa linateleza, silikoni haishiki penye unyevu, na tundu lililozibwa kati ya mvua mbili hufumuka mvua ya tatu.

Masika ya ukanda wetu wa pwani huanza Machi na kumalizika Mei, na Aprili ndiyo yenye nguvu zaidi: kwa wastani wa miaka mingi, mwezi huo peke yake huiletea Dar es Salaam zaidi ya milimita 200 za mvua. Namba hiyo haisemi kitu mpaka uipandishe juu ya paa. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, paa lake mita za mraba 120. Usiku mmoja wa mvua kubwa ya milimita 50 unaliteremshia lita 6,000, yaani simtanki la lita 5,000 linajaa na kumwagika. Aprili nzima ni lita 24,000 au zaidi. Maji hayo lazima yaelekee mahali, na kwangu mimi matunzo yote ya nyumba ya pwani yanaanzia kwenye swali hilo moja: yanakwenda wapi? Wengi wetu hatulijibu. Tunanunua mapazia.

Anza juu. Huhitaji hata ngazi ndefu kwa ukaguzi wa kwanza: ingia darini mchana wa jua kali, funga nyuma yako, zima tochi, na kila tundu litajionyesha lenyewe. Mara nyingi si bati lililotoboka, ni msumari. Raba iliyo chini ya kichwa cha msumari wa bati hupauka na kupasuka kwa jua, na mbao za kenchi zikitanuka na kusinyaa kwa misimu, msumari hunyanyuka kidogo. Nafasi ndogo tu inatosha. Sehemu nyingine za kutazama ni kofia, mahali paa linapogusana na ukuta, na pale miteremko miwili inapokutana na kukusanya majani ya mwembe. Wanaoishi karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, waongeze jicho kwenye kingo na pale bati moja linapolalia jingine, kwa sababu hewa ya chumvi huanza kula hapo. Ukilazimika kubadilisha, kumbuka kwamba kwenye bati namba kubwa ya geji maana yake ni bati jembamba: geji 32 si bora kuliko 28, hata muuzaji aisifie vipi.

Hapa niseme jambo litakalonikosanisha na wachora ramani wa siku hizi. Nyumba za paa lililofichwa nyuma ya ukuta zinapendeza kwenye picha. Lakini paa la kawaida lenye ukingo mrefu humwaga maji nje ya nyumba hata kama mwenyewe amelala. Paa lililofichwa huyakusanya ndani ya ukuta, kwenye mfereji mmoja, na kuyategemea mabomba mawili au matatu kuyatoa. Kiota kimoja cha kunguru kikiziba bomba, una bwawa juu ya dari la jipsamu. Mwenye nyumba ya namna hiyo asisubiri dalili. Mfereji usafishwe Februari, usafishwe tena baada ya mvua ya kwanza, na ukuta utobolewe tundu la dharura juu kidogo ya mfereji, ili maji yakizidi yamwagikie nje badala ya kitandani. Vilevile ukingo unaotokeza una kazi nyingine inayosahaulika: huikinga plasta na mvua ya ubavuni na hulitia dirisha kivuli. Nyumba isiyo nao hulipa mara mbili, kwa rangi na kwa umeme wa feni.

Gata ni nafuu kuliko watu wanavyodhani, na maji yake si ya kudharau. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, maana inaosha vumbi la kiangazi na mavi ya ndege. Baada ya hapo elekeza bomba tankini, weka wavu mdomoni, funika vizuri. Kwa kufua, kupiga deki na kumwagilia, ni maji yasiyo na bili.

Chini kwenye ukuta kuna ugonjwa ambao kila mkazi wa pwani anaujua: ukuta unatoa chumvi. Rangi inavimba, inapukutika, na unga mweupe unabaki sakafuni. Dawa ya kawaida ni kukwangua na kupaka rangi nyingine, ghali zaidi, ya mafuta, inayouzwa kwa maneno matamu ya kuzuia maji. Baada ya mwaka mambo yale yale. Chumvi hiyo haitoki kwenye rangi. Maji ya ardhini hupanda msingini kupitia vitundu vya tofali, yakibeba chumvi iliyomo kwenye udongo, au kwenye mchanga wa baharini uliojengewa bila kuoshwa. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi inabaki na kuganda, na vipande vyake vinapokua huipasua plasta kutoka ndani. Rangi ya mafuta huyafungia maji njia, nayo hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa mawe ya matumbawe walipaka chokaa, inayoruhusu ukuta kupumua. Kwa nyumba za leo, kinachosaidia kwanza ni kuyazuia maji yasifike: ardhi inayozunguka nyumba iteremke kutoka ukutani, walau sentimita 5 kwa mita, na bustani ya maua isipandwe ikiegemea msingi. Plasta iliyooza itolewe yote hadi juu ya alama ya unyevu, tofali zipigwe brashi kavu, ziachwe wazi wakati wa jua, ndipo ipigwe mpya.

Sasa tufike uwanjani, ambako ndiko hasa nilikotaka kufika. Kwa miaka ya karibuni ua uliokamilika mjini ni ua uliofunikwa pevingi mpaka getini. Hakuna tope, gari linapita, watoto wanacheza mpira. Ila mchanga wa Dar es Salaam ulikuwa unakunywa maji, nasi tumeufunika. Lita zile 6,000 za paani, pamoja na za uwanjani, zinatoka getini kwa kasi na kuingia kwa jirani wa chini, naye amefunika pia, anamsukumia wa chini yake, mpaka bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini na kuwahamisha wengi wa mabondeni hadi Mabwepande, na tangu hapo barabara ya Jangwani, bondeni humo, imekuwa ikifungwa karibu kila mvua zikizidi. Ni rahisi kumlaumu aliyejenga bondeni. Aliyeko mlimani na uwanja wa zege haulizwi.

Simwambii mtu ang'oe pevingi zake. Aache ukanda wa ukoka kando ya ukuta wa ua, achimbe shimo la kunyonya maji mbali na msingi, alijaze mawe na kokoto, na kulielekezea maji yanayozidi tankini. Shimo hilo lisichanganywe na la maji taka. La maji taka linyonywe Februari, kabla maji ya ardhini hayajapanda na kulijaza kwa chini. Kuna wanaongoja mvua kubwa ya usiku ili watapishe vyoo barabarani. Hao wanajua wanachofanya, na kipindupindu hakichagui nyumba.

Bustani ina ratiba yake nzuri. Maembe yanapokwisha Februari, ndipo mwembe upogolewe: matawi yanayolalia bati, yaliyokufa, yaliyosongamana katikati. Mashimo ya miche yachimbwe wakati huo huo na kuchanganywa samadi, ili Machi udongo ukilowa mche uingie mara moja. Mchicha na matembele vinastahimili masika. Nyanya hupatwa na ukungu kwa urahisi, heri zingoje kipupwe. Mti wa jamii ya mtini usipandwe karibu na nyumba wala bomba, hata kama kivuli chake kinavutia.

Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua na asubuhi ukakuta mabawa dirishani, kichuguu hakiko mbali. Zungukia msingi na utafute vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kuelekea kenchi. Na kila wiki mwaga maji kwenye visahani vya maua, matairi na vifuu. Mbu wa dengi, aliyeisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana, na mayai yake yaliyokauka husubiri mvua kwa miezi.

Rangi ndiyo ya mwisho, ingawa wengi huitanguliza kwa ajili ya sikukuu. Mvua zikikatika mwishoni mwa Mei, ukuta bado umebeba maji. Upe Juni nzima ukauke kwa upepo wa kusi. Gandisha kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi kwa siku mbili. Ukikikuta na matone kwa ndani, mwambie fundi rangi arudi Julai.