Slamu ngumu: hesabu kabla ya kugusa karata

Black Rock, mtaa ulio kando ya mto Niagara mjini Buffalo, Marekani, una historia ya mashindano. Ulipokuwa kijiji kinachojitegemea ulishindana na Buffalo kuwa mwisho wa Mfereji wa Erie. Mfereji ulipofunguliwa mwaka 1825 ushindi ulikuwa wa Buffalo, na mwaka 1853 Black Rock ikaunganishwa na mji huo.

Ni katika mtaa huo ambapo, usiku mmoja wa theluji, watu wanne tuliotoka Afrika Mashariki tuliketi kucheza briji. Mwenzangu alikuwa akihamia jimbo jingine kesho yake, nasi tulitamani kuagana kwa ushindi. Nilipoteza mkataba ambao haukupasa kupotea.

Briji huchezwa na wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akiwa na karata 13. Kanuni zilizouenea ulimwengu zilibuniwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa melini katika safari ya kupitia Mfereji wa Panama. Slamu ndogo ni ahadi ya kushinda raundi 12 kati ya 13.

Msomaji wa pwani hatakuwa mgeni katika meza hiyo. Majina ya kopa, uru, pau na shupaza, na hata neno turufu, tuliyarithi kutoka kwa Wareno.

Karata zilivyokuwa

Turufu ilikuwa shupaza. Mkononi nilikuwa na:
- shupaza: ree, mfalme, malkia, 10 na 5
- kopa: ree na 4
- uru: ree, ghulamu na 4
- pau: ree, 7 na 3

Mwenzangu alilaza mezani:
- shupaza: ghulamu, 9, 8, 6 na 2
- kopa: mfalme na 6
- uru: mfalme, 10 na 5
- pau: mfalme, 6 na 4

Mpinzani wa kushoto alianza kwa malkia wa kopa.

Raundi za hakika zilikuwa 11: tano za shupaza, na mbili mbili za kopa, pau na uru. Pau moja ilikuwa ya kupotea. Kwa hiyo ya 12 ilitegemea malkia wa uru: je, yuko kushoto au kulia? Nilikusanya turufu za wapinzani, nikakisia kulia. Alikuwa kushoto.

Njia ya hakika

Kosa langu lilikuwa kukisia pasipo haja. Mpango ulipaswa kuwa huu:

Kwanza, chukua kopa ya kwanza, kisha maliza turufu za wapinzani. Wao wana tatu tu, hivyo hata zikiwa zote kwa mmoja, kwako na mezani zitabaki mbili mbili.

Pili, chukua kopa ya pili. Sasa kopa zimekwisha pande zako zote mbili.

Tatu, cheza ree na mfalme wa pau, kisha wape wapinzani pau ya tatu, ile ile ambayo ingepotea kwa vyovyote.

Mpinzani aliyeshinda raundi hiyo hana pa kutokea. Akicheza uru, upande wako wa kwanza kufuata utoe karata ndogo na wa mwisho umfunike kwa karata inayotosha. Malkia hatashinda, popote alipo. Akicheza kopa au pau, utakata kwa turufu upande mmoja na kutupa uru upande wa pili. Kisha utachukua ree na mfalme wa uru, na ya tatu utaikata. Raundi 12 zimetimia.

Funzo kwa mchezaji ni kwamba karata ya kupotea nayo ina kazi yake: ipoteze kwa wakati unaoutaka wewe, ili mpinzani alazimike kukufungulia mlango.

Mwenzangu hakunilaumu. Alikusanya karata, akazipanga upya mezani kama zilivyokuwa, akanionyesha njia hiyo kimya kimya, kisha akavaa koti lake. Tangu usiku ule, karata ya kwanza ikianguka mezani, mimi huweka mikono magotini na kuhesabu.