Nyonga Baiskeli Hadi Kikuyu

Ukiwa na baiskeli pale Mashimoni, Kibera, huenda kazi yake ni kubeba mitungi ya maji tu. Jumapili moja itoe saa kumi na mbili asubuhi, kabla manamba hawajaanza kelele zao. Kaza breki, jaza upepo, ushike Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha ukate kulia uingie Kawangware.

Ukishapita Waithaka na soko la Dagoretti, utaanza kuona mahindi, sukumawiki na majani ya ng'ombe. Pale mlima utakapokushinda, shuka usukume, usione haya. Utafika Thogoto, jina lililotokana na Waskoti waliohamishia misheni yao huko mwaka 1898. Shule ya Alliance ilifunguliwa papo hapo jirani mwaka 1926.

Mbele kidogo, katika kijiji cha Mai-a-Ihii, ndiko David Kinjah alikomfunza kijana mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome. Kijana huyo alishinda Tour de France, mashindano makuu ya Ufaransa, mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017. Inauma kidogo kwamba alishinda chini ya bendera ya Uingereza, lakini miguu ilianzia milima hii.

Usishawishiwe na lami laini ya Southern Bypass. Magari huko hayana huruma. Nawe mzazi, kabla ya kumnunulia mwanao kengele, mnunulie kofia ngumu. Kurudi ni mteremko mrefu, na hapo ndipo utakapojua kama zile breki ulizikaza kweli.