Bunduki ya Kuulia Matangazo

Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Chicago, Marekani, iliingiza sokoni bastola isiyo na risasi. Ilikuwa tochi. Mtazamaji alikaa kwenye kochi lake, akalenga moja ya pembe nne za skrini, akafyatua. Pembe moja iliwasha na kuzima runinga, mbili zilihamisha chaneli kwenda mbele au kurudi nyuma, na ya nne ilikata sauti. Hiyo ya nne ndiyo iliyonadiwa kwa mbwembwe: Zenith iliwaahidi wateja kwamba wataweza kuyafunga mdomo matangazo ya biashara yanayokera, huku picha ikibaki pale pale. Mbunifu wake, Eugene Polley, aliipa umbo la bastola makusudi, ili mtu ajione anayapiga risasi.

Flash-Matic, kama ilivyoitwa, ilikuwa na adui mmoja: jua. Mwanga ukipenya dirishani na kugusa pembe ya skrini, runinga ilijihamisha chaneli yenyewe. Mwaka uliofuata mhandisi mwingine wa Zenith, Robert Adler, alileta Space Command, isiyotumia mwanga wala betri. Ndani yake mlikuwa na vijiti vinne vya alumini vyenye urefu tofauti. Ukibonyeza kitufe, kinyundo kidogo kinagonga kijiti, nacho kinatoa mlio mwembamba ambao sikio la binadamu haliunasi lakini runinga inaunasa.

Aliyewasukuma wahandisi hao ni mwasisi wa kampuni, Eugene McDonald, mtu aliyeyachukia matangazo na kuamini kwamba runinga haiwezi kuishi kwa kuyategemea. Mwaka 1951 alikuwa amejaribu njia nyingine, Phonevision, kwa familia 300 za Chicago. Filamu ilirushwa ikiwa imevurugwa. Familia iliyotaka kuitazama ilipiga simu, picha ikatulia, na dola 1 ikaongezwa kwenye bili ya simu. Mradi huo haukuota mizizi.

Chuki yake ilikuwa na msingi. Miaka hiyo mdhamini hakununua sekunde 30 tu. Kipindi kilikuwa kama mali yake. Taarifa ya habari ya NBC iliitwa Camel News Caravan, jina la sigara. Shindano la maswali la Twenty-One lililipiwa na watengenezaji wa Geritol, dawa ya kuongeza nguvu, na ili watazamaji wasibanduke, waandaaji waliwapenyezea washiriki majibu. Novemba 1959 Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyekuwa kipenzi cha watazamaji, alikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba ushindi wake ulipangwa. Mei 1961 Newton Minow, mkuu wa tume ya mawasiliano ya Marekani, aliwaambia wenye vituo uso kwa uso waketi mbele ya runinga tangu kituo kinapofungua hadi kinapofunga. Akawahakikishia kwamba watakachokiona ni jangwa tupu.

Baada ya kashfa ya Twenty-One vituo vilishika usukani wa vipindi, na wadhamini wakauziwa dakika. Dakika hizo nazo zikanenepa. Tamthilia ya Kimarekani ya saa nzima ilikuwa na hadithi ya kama dakika 50 katika miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 2000 hadithi ilibaki dakika 42 hadi 44. Waandishi walijifunza kuikata vipande, na kila kipande kiishie pabaya: mlango unagongwa, bastola inachomolewa, daktari anafungua bahasha. Anayezitazama tamthilia hizo leo kwenye kanda isiyo na tangazo huziona nyufa. Muziki unapanda, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha mambo yanaendelea, na mara nyingi aliyegonga mlango ni jirani tu.

Aliyekosa rimoti alikuwa na miguu. Uingereza, mafundi wa gridi ya taifa walizoea kuona matumizi ya umeme yakiruka tamthilia pendwa zinapokwenda mapumziko au kumalizika, kwa kuwa mamilioni ya watu huinuka pamoja kuchemsha chai. Rekodi iliwekwa na mpira: Julai 4, 1990, Uingereza ilipotolewa kwa penalti na Ujerumani Magharibi katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, mahitaji yalipanda ghafla kwa megawati 2,800. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo yake yote ikizunguka, hutoa 2,115.

Kisha ikaja deki ya kanda za video. Sony ilipoanza kuuza Betamax mwaka 1975, Universal na Disney ziliishtaki, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Januari 1984 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba si kosa kurekodi kipindi nyumbani ili kukitazama baadaye. Mwenye kanda angeweza kuyapeleka mbele matangazo kwa kidole. Mwaka 1999 mashine za TiVo na ReplayTV zilihamishia kazi ya kurekodi kwenye diski, na baadaye ReplayTV ikatoa modeli iliyoyaruka matangazo yenyewe. Vituo vikaishtaki. Mwaka 2002 Jamie Kellner, bosi wa Turner Broadcasting, alidai kwamba kuyaruka ni wizi wa kipindi. Alipoulizwa kuhusu anayekwenda msalani, alikubali kwamba hapo panaweza kuwa na uvumilivu kidogo.

Matangazo hayakusubiri kuuawa. Yalihamia ndani ya kipindi. American Idol ilipoanza mwaka huo huo, majaji walikaa nyuma ya vikombe vya Coca-Cola, na hakuna kitufe cha kumruka jaji. Watazamaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu mtindo huo: utabiri wa hali ya hewa una mdhamini wake, na maandishi ya bidhaa hupita chini ya skrini wakati mpira umekolea.

Njia ya McDonald, ya mtazamaji kulipia mwenyewe, ndiyo iliyobadilisha vipindi vyenyewe. HBO, iliyoanza mwaka 1972, iliishi kwa ada za wateja wake. Ilipotoa The Sopranos mwaka 1999, waandishi hawakulazimika kuning'iniza hadithi kila baada ya dakika kumi. Onyesho liliweza kurefuka, watu wawili wakae kimya mezani. Netflix ikafuata mkondo huo kwa kipindi chake cha House of Cards mwaka 2013.

Lakini tamthilia nzuri ni ghali. Novemba 2022 Netflix ilileta kifurushi cha bei nafuu chenye matangazo. Januari 2024 Amazon iliyaingiza kwenye Prime Video nchini Marekani, na asiyeyataka akatakiwa kuongeza dola 2.99 kwa mwezi.

Rimoti nayo imebadilika. Tangu mwaka 2011 watengenezaji wengi wameweka kitufe cha Netflix karibu na vile vya sauti na chaneli, na baadaye vikaongezeka vya kampuni nyingine. Nafasi hizo huuzwa. Kila mtazamaji anapopapasa gizani akitafuta pa kukatia sauti ya tangazo, kidole chake hupita juu ya tangazo jingine.